Saa Kumi ya Profesa

Meneja alikuja mwenyewe, na hilo peke yake lilitosha kumtia Mama Nesi hofu. Tangu mumewe azikwe, miezi minne iliyopita, mambo yote ya hoteli yalikuwa yakimfikia kwa karatasi. Kwanza barua ya pole, kisha barua ya kutaka sare zirudishwe, halafu, wiki mbili nyuma, barua ya kumtaka aihame nyumba namba saba ya kota za wafanyakazi ifikapo mwisho wa mwezi. Meneja hakuwa mtu wa kuzunguka nyuma ya ukuta wa dobi, ambako maji ya sabuni yalitiririka uchochoroni na mashine za kufulia zilinguruma kutwa. Alikuwa na miezi sita tu kazini, na viatu vyake vilionyesha kwamba njia hii hakuwahi kuipita.

Aliketi kwenye ukingo wa kochi kana kwamba lilikuwa limepakwa rangi asubuhi hiyo.

"Mama, nimekuja na ombi," akasema. "Wageni wetu wa zamani wananisumbua. Kila anayefika anaulizia Saa Kumi."

Mama Nesi aliinua macho kwenye saa ya ukutani kabla hajaelewa. Saa Kumi kilikuwa kinywaji cha marehemu, kahawa ya baridi yenye pombe na povu zito juu, alichokibuni mwenyewe enzi za ujana wake pale kaunta. Hakuwa akikitoa kabla ya saa kumi jioni, hata aje nani. Wageni walimpenda kwa ukaidi huo wakamwita Profesa, na jina likamkaa mpaka likaandikwa msalabani kwenye mabano, chini ya jina alilopewa na wazazi wake.

"Vijana wangu wa kaunta wamejaribu wameshindwa," Meneja akaendelea. "Hakuandika popote. Akichanganya, alikuwa anawageuzia mgongo. Nikajiuliza, mtu wa namna hiyo siri yake angempa nani? Si mkewe?"

Angeweza kusema ukweli. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kukiona kinywaji hicho, achilia mbali kukionja. Alikijua kama unavyomjua mfanyakazi mwenzake na mumeo, ambaye mumeo humtajataja tu wakati wa kula. Lakini mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi nusu, na sakafuni vilionekana vitabu vya uuguzi vya binti yake, aliyekuwa amebakiza wiki tisa afanye mitihani ya mwisho. Tena, ukiacha habari ya nyumba, kulikuwa na lile swali. Si mkewe? Mtu huyu aliuliza kana kwamba jibu ni moja tu duniani.

"Alikuwa akinitengenezea," akasema. "Kila Jumapili."

Uongo ulimtoka bila kukwama, hata yeye ukamshangaza.

"Safi kabisa." Meneja alisimama. "Jumamosi saa kumi nitakuja na mtu wa matangazo. Utatutengenezea hapahapa jikoni kwako, tupige picha, tuandike vipimo. Watu wanapenda sana habari za namna hii."

"Na suala la nyumba, bosi?"

"Hilo nalo tutalitazama Jumamosi," Meneja akajibu, akatoka akiruka vidimbwi vya sabuni.

*

Binti yake alirudi kutoka chuoni saa kumi na moja, sare nyeupe imekunjwa mkononi. Baba yake ndiye aliyeanza kumwita Nesi tangu akiwa na miaka sita, alipomfunga paka bendeji, na sasa hata walimu wa chuo walimwita hivyo. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, huku amesimama, ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

"Kila Jumapili?" akauliza. "Mama, Jumapili baba alikuwa analala mpaka saa tisa, anaamka anakula, anatazama ukuta, anarudi kulala."

"Unadhani sijui?"

"Sasa utawatengenezea nini?"

"Nitatengeneza."

"Kwa kujua nini?"

Mashine za dobi zilikuwa zimezimwa, na mtu aliweza kusikia sahani zikigongana jikoni kwa hoteli, upande wa pili wa ukuta. Kwa miaka yote hii hoteli kwa Mama Nesi ilikuwa sauti za upande wa nyuma.

"Nimemfulia mashati," akasema hatimaye. "Mkono wa kulia ulikuwa unarudi na kahawa. Kila siku. Na kitu kingine kinachonata, cheusi, nilikuwa nakitoa kwa maji ya moto. Nikikinusa ni sukari iliyoungua. Kucha zake zilikuwa zinanuka ganda la chungwa, hata akioga."

Nesi alivaa ile ndala ya pili. "Na pombe ni ipi?"

"Jina silijui. Harufu naijua."

Aliijua vizuri mno. Alipoolewa, harufu ile ndiyo iliyokuwa ikimfikia kitandani kabla ya mume mwenyewe, na wiki ya pili tu ya ndoa alimwambia kwamba uvundo wa baa hautaingia chumbani kwake. Mumewe hakubisha. Tangu siku hiyo, kila alipotoka kazini, alipitia bafu la nje, baridi au mvua, akaingia ndani akinuka sabuni, na kunyamaza.

*

Duka la vinywaji lilikuwa mtaa wa mbele, baada ya kinyozi. Mama Nesi alisubiri hadi wateja wawili watoke, kisha akaingia.

"Nataka kunusa," akamwambia muuzaji.

"Kunusa nini, mama?"

"Zile unazopima kwa glasi. Ninuse tu, halafu nitanunua chupa nzima."

Muuzaji alimtazama, akashusha chupa tatu zilizokwisha funguliwa, akazipanga mbele yake. Ya kwanza ilimchoma pua tu. Ya pili ilinuka kama dawa ya kusafishia vidonda ya Nesi. Aliposhika ya tatu, iliyokuwa nyeusi na yenye utamu wa miwa kwa mbali, aliinusa mara ya pili. Ilikuwa ni mumewe mlangoni, saa saba za usiku, kijana wa miaka thelathini na moja, kabla hajaambiwa akaoge.

"Hii," akasema. "Inaitwaje?"

"Ramu." Muuzaji aliifunga chupa mpya kwenye gazeti, taratibu, kisha hakuiachia. "Mama, mimi nilimheshimu sana mzee wako. Nikuambie kama mwanao. Hiki kitu hakirudishi mtu. Nimewaona wengi wakianza hivihivi, kwa kunusa."

"Si ya kunywa mimi."

"Wote husema hivyo," muuzaji akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

Alipogeuka, mke wa dobi alikuwa amesimama mlangoni na mkate wake kwapani. Walikuwa majirani wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na tano. Mke wa dobi alilitazama gazeti lenye umbo la chupa, akasema, "Habari za mchana, jirani," akapita kando kumpisha. Jioni hiyo alituma bakuli la uji kwa Nesi na kuulizia kama mama anapata usingizi.

*

Walianza Jumatano. Mama Nesi alichemsha kahawa nzito, akaunguza sukari kwenye sufuria mpaka ikawa rangi ya mbao, akaitia maji ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikageuka shira. Alilikwangua chungwa ganda lake. Kopo la kutikisia hawakuwa nalo, basi wakatumia chupa ya kioo ya kuhifadhia pilipili, yenye mfuniko wa kuzungusha. Alitia vyote, akatia barafu, akatikisa.

Kahawa ilikuwa bado ya moto. Barafu iliyeyuka mara moja, mfuniko ukafyatuka, na nusu ya kinywaji ikamwishia kifuani. Kilichobaki kilikuwa maji machungu ya rangi ya udongo.

"Povu liko wapi?" Nesi akauliza.

"Limenirukia."

Nesi alijifunga taulo kiunoni, akasogea. Mitihani ilikuwa inamngoja chumbani, lakini hakurudi. Alhamisi waliiacha kahawa ipoe kwanza. Nesi ndiye aliyetikisa, kwa nguvu za mtu anayefanya mazoezi ya kufufua moyo, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa, mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Walipomimina, juu ya glasi ya chai kukajikusanya povu la rangi ya ngozi ya mtoto mchanga, kama unene wa kidole. Wote wawili walilikodolea macho.

"Onja wewe," Nesi akasema.

"Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu."

"Basi utajuaje kama ni chenyewe?"

Alikionja. Kilipita baridi ulimini, kikashuka cha moto kifuani. Utamu ulizidi. Wakapunguza shira, akaonja tena. Ganda la chungwa likazidi. Wakapunguza, akaonja tena. Ilipofika mara ya nne alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye kabati, miguu ameinyoosha, na uso umemwiva.

"Nesi," akasema. "Baba yako alikuwa anachekesha?"

Binti alikuwa anaosha glasi. Alifunga bomba. "Kwa nini?"

"Siku ya mazishi. Wale wageni wake walikuja na magari. Kila aliyesimama alisema alichekeshwa na Profesa. Yule mmoja akaeleza kichekesho chake cha mlevi na kasuku, watu wakacheka kaburi likiwa wazi. Mimi nikacheka pia, ili isionekane kwamba sikijui. Sikuwahi kukisikia."

"Hata mimi."

"Hapa ndani alikuwa anasema nini?"

Nesi alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Alikuwa anasema, 'Zimeni taa ya nje.' Akasema, 'Nesi, kula.' Mimi nilidhani amechoka tu. Nilidhani ipo siku atastaafu, halafu atazungumza."

Mama Nesi aliitikia kwa kichwa. Na yeye alikuwa anaingoja siku hiyo, bila kuiambia nafsi yake kwamba anaingoja.

Ijumaa walikipata. Ama walipata kitu ambacho mashati ya miaka ishirini na sita yasingeweza kukikana. Nesi aliandika vipimo nyuma ya daftari lake la magonjwa ya watoto, kisha akarudi chumbani, akachomeka visikizi masikioni, akafunga mlango. Mama yake alibaki jikoni na glasi, hana wa kumuuliza.

*

Jumamosi walifika watatu. Meneja mbele, nyuma yake binti wa matangazo aliyejaa mikoba ya kamera, na mwisho Mzee Trei, mhudumu mkongwe kuliko wote pale hotelini, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Leo trei yake ilikuwa na glasi nne za shingo ndefu, zimefunikwa kitambaa.

"Shemeji," akasema, akainama kidogo. Alikuwa amefanya kazi bega kwa bega na marehemu tangu ujana.

Binti wa matangazo alizunguka jiko mara mbili. Aliomba kalenda iondolewe ukutani, na ndoo ya maji, na sufuria zenye masizi. Halafu akamtazama Mama Nesi, aliyekuwa amevaa gauni lake la maua, aliloshonesha kwa ajili ya mahafali ya Nesi.

"Mama, huna nguo nyeusi?"

"Ninayo."

"Ungevaa hiyo. Ili ionekane."

"Ionekane nini?"

Binti alimtazama Meneja. Meneja akajikohoza. "Ni kwa ajili ya picha tu, mama."

Akaenda kubadili. Aliporudi na gauni la mazishi walimsogeza dirishani, wakamwambia asitabasamu, kisha wakamwambia atabasamu kwa macho. Picha zote hazikumridhisha yule binti. Mwishowe akasema uso haubebi habari hiyo, akapiga mikono peke yake, mikono ikiwa imeshika chupa ya pilipili.

Mama Nesi akatengeneza. Alitaja kila kipimo kwa sauti, na Meneja akaandika kwenye simu. Kahawa nzito, ipoe kabisa. Ramu vipimo viwili. Shira kijiko kimoja na nusu. Ganda la chungwa, la juu tu, lisifike kwenye weupe. Barafu mpaka shingoni. Alitikisa mwenyewe, macho ameyafumba. Povu likatoka zuri kuliko siku zote.

Meneja alionja, akalamba mdomo wa juu. "Chenyewe," akasema. "Chenyewe kabisa. Sasa ndiyo naelewa."

Mama Nesi alijua kwamba Meneja hakuwahi kunywa kilichotengenezwa na Profesa, hata tone, maana alipoingia kazini mumewe alikuwa tayari anaumwa. Basi akamtazama Mzee Trei. Mzee alionja kidogo, akaiweka glasi chini bila kelele, akatazama sakafu.

"Na hii habari ya kila Jumapili," binti wa matangazo akauliza, "mlikuwa mnakunywa pamoja? Mnaongea?"

"Tunaongea," akasema. "Alikuwa anachekesha sana."

Meneja alitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ndani mlikuwa na barua iliyokwisha pigwa chapa na kugongwa muhuri, ya kumwongezea miezi mitatu. Tarehe yake ilikuwa ya Jumanne, siku ile ile alipokuja mara ya kwanza. Barua ilikuwa tayari siku zote hizo, ikingoja kuona kama ataweza.

*

Wenzake walipoondoka Mzee Trei alibaki kukusanya glasi. Alizifuta moja moja, akazipanga, akazifunika, kisha akafunua tena akazifuta upya.

"Sema tu, shemeji," Mama Nesi akamwambia.

"Siyo yake." Alisema polepole, kama anayeomba radhi. "Lakini umekaribia kuliko vijana wote wale. Shira ni ile ile. Ganda ni lile lile. Kahawa ndiyo sivyo. Yeye alikuwa haichemshi. Akifunga kaunta usiku anailoweka kwenye maji baridi, anaiacha mpaka kesho yake mchana, anaichuja kwa kitambaa. Ndiyo maana hakuwa anatoa kabla ya saa kumi. Ilikuwa bado haijawa."

"Umejuaje, na alikuwa anawageuzia mgongo?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naosha ndoo ya kulowekea."

Mama Nesi alivuta kigoda akakaa. Gauni jeusi lilikuwa linambana kwapani. "Hakuwahi kunitengenezea, shemeji. Nilidanganya. Si Jumapili, si siku yoyote."

"Alikutengenezea mara moja," Mzee Trei akasema.

Mama Nesi alimtazama.

"Nesi alikuwa hajaanza kutembea. Siku hiyo Profesa alikuja kazini anang'aa, nikamuuliza, leo vipi? Akasema amekuachia Saa Kumi kwenye friji, kwenye chupa ya maji, kila kitu kimo, ni kutikisa tu. Akasema, 'Leo saa kumi tutakunywa wawili, mimi huku na yeye kule.' Ilipofika saa kumi alijimiminia kidogo. Yeye ambaye kazini alikuwa hagusi. Akainua glasi akaielekeza ukutani, upande wa kota. Mimi nikamcheka."

"Halafu?"

"Halafu alirudi nyumbani akaikuta chupa imeoshwa, imegeuzwa chini, inakauka." Mzee Trei alikunja kitambaa chake mara nne. "Kesho yake nikamuuliza, shemeji alisemaje? Akasema, 'Ameisuuza vizuri sana.' Basi. Hakuitaja tena."

Mama Nesi alitafuta kichwani. Alitafuta chupa hiyo, mchana huo, harufu ya kahawa iliyolala ikimwagika kwenye sinki. Mtoto mchanga mgongoni, nguo za hoteli, nguo za mtoto, chupa. Alikuwa ameosha chupa ngapi katika maisha yake? Hakukumbuka kitu. Ingekuwa nafuu kama angekumbuka, lakini hakuna hata alama.

"Kwa nini hakuniambia?" akauliza. "Angesema tu, usimwage, ni yako."

"Profesa kuomba alikuwa hawezi. Alizoea yeye ndiye aombwe. Mtu akitaka kitu anasema, yeye anampa. Nadhani alikuwa anangoja useme."

Mzee Trei akainua trei yake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nesi alipotoka chumbani alimkuta mama yake bado kwenye kigoda.

"Wamekubali?" akauliza.

"Miezi mitatu."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

"Gauni linabana," Mama Nesi akasema, akaenda kulivua.

*

Alijizuia wiki tatu kumwambia Meneja habari ya kuloweka. Alijiambia kuwa mtoto asome kwanza, kwamba barua yenye muhuri inaweza kufutwa na barua nyingine yenye muhuri. Lakini aliposikia kutoka kwa mke wa dobi kwamba kinywaji kimekwisha anza kuuzwa, hakuweza tena. Kitu kilichokuwa kikinywewa ng'ambo ya ukuta kwa jina la mumewe hakikuwa cha mumewe, na aliyefanya hivyo ni yeye. Siku ya Alhamisi, saa kumi kasoro, alivaa gauni la maua, akazunguka mtaa mzima, akaingia hotelini kwa mlango wa mbele. Mlinzi alimuuliza anapeleka nini, kwa kuwa alizoea kumwona upande wa mizigo.

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama ukumbini, simu mkononi.

"Usiku kucha?" akasema. "Mama, vijana wangu hawana muda wa kuloweka kahawa usiku kucha. Na hiki tulichonacho kinauzika. Hakuna anayejua tofauti."

"Mzee Trei anajua."

"Mzee Trei anastaafu mwezi ujao." Alisema kwa wema, na kwa wema huohuo akamgusa begani. "Nyumba umepata, kinywaji tumepata. Usijisumbue. Kaa pale kaunta, wakupe kimoja. Ni juu yetu."

Mama Nesi hakuwahi kufika pale. Kaunta ilikuwa fupi kuliko alivyodhani, ya mbao nyeusi, imelika mahali pamoja ambapo mtu amesimama na kuegemea miaka mingi. Alipanda kwenye stuli akashikilia ukingo kwa mikono yote miwili. Kijana wa kaunta aliweka mbele yake kadi ngumu inayong'aa. Kwenye picha kulikuwa na mikono ya mwanamke na chupa. Chini yake pameandikwa kwamba kwa miaka ishirini na sita, kila Jumapili, Profesa alimtengenezea mkewe kinywaji hiki, wakakaa wakazungumza na kucheka. Aliisoma mara moja akaigeuza kifudifudi.

Kwenye stuli ya pembeni yake alikaa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mpima ardhi mstaafu, kama alivyojitambulisha bila kuulizwa. Alikuwa na glasi ileile. Alipiga funda moja, akaisukuma mbali kwa kidole.

"Si mbaya," akasema, kwa yeyote anayesikia. "Lakini huyu si Profesa."

Mama Nesi aligeuka kumtazama. "Ulimjua?"

"Miaka kumi na tisa. Kila Alhamisi." Mpima ardhi alitabasamu kwenye chupa zilizopangwa ukutani. "Alikuwa anatuvunja mbavu. Alikuwa na mchezo wake mmoja, kila mgeni mpya lazima aupate. Anasema, mke wangu akipiga pasi, mkunjo wa mkono wa shati unakata limau. Mgeni anabisha. Basi Profesa anachukua limau, analipitisha juu ya mkono wa shati, wa kushoto, hivi, taratibu, na limau linafunguka vipande viwili. Watu hoi. Kumbe amekwisha likata, amelishikilia tu."

Kulikuwa na vidoa vidogo vya manjano kwenye mkono wa kushoto wa mashati yale, karibu na kiwiko, ambavyo havikukubali sabuni. Mama Nesi alivisugua miaka nenda rudi, akinung'unika, na hakuwahi kuuliza vinatoka wapi.

"Na huyo mkewe," akasema baadaye, "alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hatukumwona. Tulikuwa tunamwambia, Profesa, mlete siku moja aone limau lake. Anasema, atakuja akitaka mwenyewe." Mpima ardhi aliinua mabega. "Wewe je, ulimfahamu?"

Mama Nesi alishusha mikono yake kutoka juu ya kaunta, akaipakata mapajani.

"Kidogo," akasema. "Nisimulie nyingine."